Mgonjwa wa kiharusi asiandikiwe ruhusa kabla ya kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka jana, na ambalo naamini linazigusa nyumba nyingi. Wagonjwa wa kiharusi wanaokolewa hospitalini kwa jitihada kubwa, kisha wanarudishwa nyumbani bila mtu yeyote kuwafundisha, wao na wale wanaowauguza, namna ya kuutumia tena mwili uliopooza upande mmoja. Ombi langu ni kwamba mgonjwa wa kiharusi asiandikiwe ruhusa kabla hajaonwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na kwamba mtaalamu huyo apatikane katika kila hospitali ya wilaya, asibaki kuwa mtu wa kufuatwa mkoani au kwenye hospitali za kanda.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimetumikia wodini kwa miaka 31, miaka mingi ikiwa katika wodi za magonjwa ya ndani, ambako wagonjwa wa kiharusi hawakukosekana hata wiki moja. Nilijua kuwageuza kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya mgongo, nilijua kuwalisha kwa mpira wa puani, na nilijua kuwapima presha usiku kucha. Hata hivyo, kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia niliielewa nilipokuwa nimeshastaafu, nikiwa si muuguzi tena bali ndugu wa mgonjwa.

Mama yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 67, alikuwa amekwenda Dar es Salaam kumsalimia mwanawe. Asubuhi moja akashindwa kufunga kanga. Mkono wa kushoto ulikataa, mdomo ukapinda, na alipojaribu kuinuka akaanguka ubavu. Alifikishwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja, akapigwa picha ya kichwa, akaanzishiwa dawa za presha, na kwa siku tisa alizolazwa alihudumiwa kwa upole ambao tutaushukuru daima. Siku ya kumi akaruhusiwa. Karatasi ya ruhusa ilikuwa na majina ya dawa tatu, tarehe ya kurudi kliniki baada ya wiki sita na, chini kabisa, neno moja lililoandikwa kwa haraka: "mazoezi". Mazoezi gani, mara ngapi kwa siku, chini ya usimamizi wa nani, hakuna aliyetueleza, na sisi wenyewe, kwa furaha ya kumwona anarudi akiwa hai na anazungumza, hatukuuliza.

Tukamleta nyumbani, Muheza. Ndugu walijitokeza kama desturi yetu ilivyo; hapakupungua watu wanne ndani ya nyumba. Vijana walikuwa wakimnyanyua kitandani kwa kumshika makwapani au kumvuta kwa mikono yote miwili, wa kushoto ukiwemo. Jirani akamleta mchuaji anayeheshimika sana mtaani, ambaye kila jioni alimpaka mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akamchua mkono kutoka begani hadi vidoleni, kisha akaunyoosha kwa nguvu ili, kama alivyosema, mishipa ifunguke. Mimi nilikuwepo. Nilisimamia dawa, nikasimamia kugeuzwa kwake, nikajivunia ngozi isiyokuwa hata na alama ya kidonda. Baada ya wiki mbili mama mkubwa akaanza kulia usiku kwa maumivu ya bega. Nilipompapasa nilikuta, chini ya mfupa wa juu wa bega, bonde ambalo kidole changu kiliingia: mkono uliolegea ulikuwa umevutwa mpaka mfupa ukaanza kushuka kutoka mahali pake.

Mtaalamu wa fiziotherapia tuliyempata alikuwa kijana aliyehitimu miaka miwili kabla, ambaye alikuwa bado anajitolea kwa kukosa ajira, na alikubali kuja kutoka Tanga mjini, mwendo wa kilomita kama 40, kila Jumamosi. Nilitarajia aanze na mkono. Badala yake alimwamkia mama mkubwa, akaketi, akamuuliza maswali ambayo katika miaka 31 sikuwahi kumuuliza mgonjwa. Kitanda chako kina kimo gani? Kutoka hapa hadi chooni ni hatua ngapi? Choo ni cha kuchuchumaa? Kabla ya kuugua, siku yako ilikuwa inaanzaje? Mama mkubwa akamjibu kwamba alikuwa akiamka, anaswali, kisha anaketi kwenye mbuzi kukuna nazi za vitumbua vya kuuza. Kijana akaandika jibu hilo katika daftari lake, na tangu siku hiyo mazoezi yote yakaelekezwa kwenye mbuzi ile.

Kwanza alitukataza kuushika mkono. Alituambia kwamba bega la mtu aliyepooza linashikiliwa na misuli iliyolala, kwa hiyo kila anayemvuta mgonjwa kwa mkono anazidi kuling'oa. "Mkishika, shikeni kiunoni," alisema, "na akiketi, mkono huu uwe juu ya mto, usining'inie." Akawafundisha vijana, mmoja baada ya mwingine, mahali pa kusimama na namna ya kumwachia mgonjwa afanye mwenyewe kile anachokiweza. Kisha akamfundisha mama mkubwa kuinuka: nyayo zirudi nyuma chini ya magoti, mwili uinamie mbele, "bibi, pua ipite vidole vya miguu, ndipo unyanyuke". Alianzia kwenye kiti kilichoinuliwa kwa godoro la kukunja, mara tano asubuhi na mara tano jioni. Kila Jumamosi kimo kikapunguzwa na hesabu ikaongezwa, hadi akafikia kuinuka mara 30 kwa siku. Seremala wa jirani alitengeneza kiti chenye tundu kikawekwa juu ya shimo la choo, na hapo ndipo tulipogundua kwamba kwa wiki zote zile mama mkubwa alikuwa akijinyima maji ili asiwasumbue watu kumpeleka. Mchuaji hakufukuzwa. Kijana alimweleza kwa heshima kuwa kuchua taratibu hakudhuru, ila kunyoosha kwa nguvu kukome, na mzee yule akakubali.

Sasa ni mwezi wa nane tangu augue. Mama mkubwa anatembea kwa fimbo hadi chooni na hadi barazani. Tangu mwezi wa tano anaketi kwenye mbuzi, mkono wa kulia ukikuna na wa kushoto ukisaidia kukishika kifuu, ingawa vidole vya kushoto havifunguki vizuri na nazi moja inamchukua muda ambao zamani angemaliza nne. Bega bado linamuuma usiku. Kijana aliniambia, bila kumlaumu yeyote, kwamba bega lile lingeweza kulindwa kwa mafundisho ya nusu saa siku ya ruhusa. Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu ni wagonjwa wangapi nimewafungia mizigo yao kwa mikono yangu mwenyewe, nikawatakia heri, nikawaacha waende bila nusu saa hiyo!

Nimesimulia kwa urefu kwa kuwa wengi wetu, watumishi wa afya tukiwemo, tunadhani fiziotherapia ni masaji yenye cheti, au ni mashine za umeme na baiskeli zisizokwenda popote. Kiharusi huua sehemu ya ubongo, na sehemu hiyo haifufuki. Lakini sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza kubeba baadhi ya kazi za ile iliyokufa, na hujifunza hasa kwa mgonjwa mwenyewe kurudia kitendo chenye maana kwake, mara nyingi, kikiongezwa ugumu kidogo kidogo. Kumchua mtu aliyelala hakuufundishi ubongo kusimama. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayejua ni kitendo kipi kianze na ni lini kiongezwe, na ndiye anayetambua kwamba maumivu haya ni ya misuli iliyochoka lakini yale ni ya kiungo kinachoharibika. Maendeleo ya haraka zaidi huonekana katika wiki na miezi ya mwanzo, ambayo kwa mgonjwa wa kijijini ndiyo miezi anayokaa kitandani akingojea tarehe ya kliniki.

Sisemi kwamba mgonjwa akurupushwe siku ile ile aliyoanguka. Utafiti mkubwa uitwao AVERT, uliochapishwa mwaka 2015 baada ya kuwafuatilia wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano, ulionyesha kuwa kuwaamsha wagonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu kuanzia ndani ya saa 24 za kwanza kuliwapunguzia nafasi ya kupona vizuri kuliko huduma ya kawaida. Hilo nalo ni sababu ya kumhitaji mtaalamu wodini: ni nani mwingine atakayepima kiasi?

Wapo watakaosema kwamba mafunzo wapewe ndugu, basi, na serikali iokoe fedha. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo, mpaka niliposoma habari za utafiti wa ATTEND uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 1,250 kutoka hospitali 14 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja likapata huduma ya kawaida, na katika kundi la pili ndugu wakafundishwa kuendesha mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita, idadi ya waliofariki au waliobaki wakitegemea watu haikutofautiana baina ya makundi hayo. Ndugu wana upendo na wana muda, na bila wao mama mkubwa asingefika popote, lakini wanahitaji mtu anayerudi kila baada ya siku kadhaa, anayetazama, anayesahihisha na anayebadilisha. Jumamosi zile ndizo zilizoleta tofauti nyumbani kwetu, kwa maana kila Jumamosi kulikuwa na kosa letu moja lililorekebishwa.

Tatizo lenyewe si dogo wala si la kigeni. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, matukio mapya ya kiharusi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka yalizidi 100 katika Hai na yalizidi 300 katika Dar es Salaam. Hivyo ndivyo ilivyokuwa takribani miaka 20 iliyopita. Dunia nzima, kwa makadirio ya mwaka 2019, watu wapatao bilioni 2.4 walikuwa na maradhi au majeraha ambayo yangepata nafuu kwa huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa huduma hizo hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Nchi yenye watu kiasi hicho ikiwa na wataalamu 10 kwa milioni moja, ingekuwa na wataalamu 617 tu wa kuwagawa katika wilaya zote, kwa wagonjwa wa kiharusi, wa ajali, watoto na wazee kwa pamoja.

Na kweli si kiharusi peke yake. Kijana aliyevunjika paja kwenye bodaboda huwekewa chuma, mfupa ukaunga barabara, lakini goti likabaki limekakamaa kwa kuwa hakuna aliyemwambia alikunje mapema. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hubebwa mgongoni hadi umri wa kwenda shule, ilhali angeweza kufundishwa kuketi. Mama aliyejifungua kwa uchungu wa muda mrefu hutokwa na mkojo akikohoa, na kwa aibu hukaa kimya miaka nenda rudi, bila kujua kwamba kuna mazoezi ya misuli ya nyonga anayoweza kufundishwa. Watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda, tunaowaita wenye miguu kifundo, hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki kwa njia iliyoasisiwa na Daktari Ignacio Ponseti kule Iowa, Marekani. Katika nchi kadhaa plasta hizo hufungwa na wataalamu wa fiziotherapia wenyewe, na mtoto aliyeanza mapema huweza kuvaa viatu kama wenzake. Kila moja kati ya haya lingestahili barua yake.

Nchi yetu haianzi kutoka mwanzo katika jambo hili. Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, wataalamu wa fiziotherapia wamefundishwa kwa miongo mingi, na hapo hapo kipo chuo cha TATCOT cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili imekuwepo kisheria tangu mwaka 1996. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 tunayo. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya. Kwa hiyo maarifa yapo, na maneno mazuri yapo. Kinachopungua ni ajira na mpangilio, maana haiwezekani kijana mwenye ujuzi kama ule awe anajitolea wakati wodi zimejaa watu wanaomhitaji.

Gharama nazo zisitiwe chumvi. Katika miezi ile yote kijana hakuleta nyumbani kwetu kifaa chochote kinachotumia umeme. Alitumia kiti, mto, ukuta, kanga iliyofungwa kiunoni, fimbo ya mti na kiti chenye tundu cha seremala. Gharama kubwa ni mshahara wake na nauli. Nauli hiyo ndiyo inayowashinda wagonjwa, kwa kuwa mtu asiyeweza kusimama hapandi daladala; atakodiwa bajaji kwenda na kurudi, mara mbili au tatu kwa wiki, na mwezi wa pili haujaisha familia itakuwa imekata tamaa. Afadhali mtaalamu mmoja wa wilaya apewe pikipiki na siku mbili za kuzunguka vijijini kuliko wagonjwa 20 kumfuata alipo. Tunao pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024. Hao wakifundishwa na mtaalamu, na wakabaki chini ya uangalizi wake, wanaweza kupita katikati ya wiki kumtazama mgonjwa, kuangalia bega, ngozi na namna anavyonyanyuliwa, na kupiga simu mapema mambo yanapoharibika.

Tunapoendelea kutekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, naiomba Wizara ya Afya na wanaopanga vitita vya huduma zitakazolipiwa na bima wautazame utengamao wa kiharusi kama tiba ya miezi, siyo hudhurio moja au mawili, na wahesabu ndani yake ziara za nyumbani. Madaktari nao nawaomba, kwa heshima yote niliyokuwa nayo kwao nilipokuwa kazini, wamwite mtaalamu wa fiziotherapia mgonjwa akiwa bado wodini, siku hali yake inapotulia, wasimwandike mwishoni wakati gari la kumchukua limeshafika getini. Na wauguzi wenzangu ambao bado mko kazini, msimfungashie mgonjwa wa kiharusi mizigo yake kabla hamjawaona ndugu zake wakimnyanyua mbele ya macho yenu.

Karatasi ile ya ruhusa ninayo hadi leo. Ninachoomba kiongezwe katika karatasi za namna hiyo ni mistari minne badala ya neno moja: mgonjwa ameonwa na mtaalamu gani wa fiziotherapia, ndugu yupi amefundishwa kumnyanyua, kumkalisha na kulinda bega, mazoezi yapi afanye na mara ngapi kwa siku, na mtaalamu gani wa karibu na kwake, mwenye namba gani ya simu, atamwona tena ndani ya wiki moja.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu,
Muheza, Tanga